Maswali na majibu: Protest si maandamano tu

Safari hii maswali mengi yamegongana kwenye neno moja la Kiingereza, protest. Nimeyakusanya hapa.

Swali: Protest si ndiyo maandamano? Mbona kamusi yangu ina maana chungu nzima?

Maandamano ni aina moja tu. Neno letu limetokana na kuandama, yaani kufuata, kwa hiyo lazima wawepo watu na iwepo njia ya kupita. Protest haihitaji vyote viwili. Hata barua ya mtu mmoja yatosha. Zamani nikiwa dawati la habari, mwenzangu alipewa habari kwamba serikali fulani ime-“lodge a protest” kwa balozi wa jirani. Akaandika: “Serikali yamwandamania balozi”. Mhariri akaja na karatasi mkononi, akamuuliza kwa upole kabisa mawaziri wamefika mtaa gani, na mabango nani kayabeba. Ilitakiwa tu “yawasilisha malalamiko rasmi”.

Swali: Asili yake ni nini?

Kilatini, protestari. Pro ni mbele ya watu, testari ni kushuhudia, na shahidi ni testis. Kiingereza kililipata kupitia Kifaransa, na hapo mwanzo halikuwa na ugomvi ndani yake: lilikuwa kutamka jambo hadharani kwa uzito, kama mtu aliyekula kiapo. Ndiyo maana katika Hamlet, tamthilia ya Shakespeare, malkia anayetazama mchezo wa kuigiza anaposema yule mwanamke wa mchezoni “doth protest too much”, analalamika kwamba mwanamke huyo anaapa kupita kiasi. Siku hizi watu wengi huutumia msemo huo kwa mtu anayekana mno, jambo ambalo malkia hakulikusudia.

Maana hiyo ya kale bado inatega watafsiri. Mshtakiwa aki-“protest his innocence”, anashikilia kuwa hana hatia. Ukiandika kwamba “anapinga kutokuwa na hatia”, umemfunga wewe kabla ya hakimu.

Swali: Waprotestanti nao wanaingia hapa?

Wanaingia, tena kwa mlango wa mbele. Mwaka 1526 baraza la dola lililokutana mjini Speyer, Ujerumani, liliwaachia watawala nafasi ya kuamua mambo ya dini katika maeneo yao. Aprili 1529 baraza likakutana tena mjini humo, na wengi wakaamua kuifuta nafasi hiyo. Wakuu kadhaa walioyaunga mkono mageuzi ya Kanisa ya Martin Luther, pamoja na miji 14, wakatoa protestatio, tamko la maandishi la kukataa kufungwa na uamuzi huo. Hakuna aliyeingia barabarani. Jina likawaganda, likasafiri mpaka kwenye Kiswahili chetu.

Swali: Stakabadhi yangu imeandikwa “paid under protest”. Maana yake?

Umelipa, lakini hukubali kwamba unadaiwa, na umejiwekea nafasi ya kudai fedha zako baadaye. Itunze karatasi hiyo. Manahodha wa meli wana ya kwao: meli ikikumbwa na dhoruba, nahodha akifika bandarini huenda kwa wakili mwenye mamlaka ya kuthibitisha nyaraka, akaandikisha tamko la yaliyotokea baharini, asije akabebeshwa lawama ya shehena iliyoloa. Hilo nalo huitwa protest, na hampingi mtu. Anatoa ushahidi, vilevile kama Kilatini kilivyotaka.

Swali: Katiba ya Kenya inatoa haki ya protest?

Inatoa, ila neno lenyewe hulikuti katika Ibara ya 37. Maandishi ya Kiingereza yanataja kukusanyika, kuandamana, kupiketi (kusimama nje ya mahali, kama lango la kazini, kutoa madai) na kuwasilisha maombi kwa mamlaka za umma, yote kwa amani na bila silaha. Kwa hiyo ukiinukuu ibara hiyo penye “demonstrate”, maandamano ndiyo tafsiri yenyewe, usibabaike.

Swali: Ni “protest the decision” au “protest against the decision”?

Wamarekani hupenda la kwanza, Waingereza la pili. Angalia zaidi matamshi: likiwa nomino, mkazo uko PRO-, likiwa kitenzi, unahamia -TEST. Sisi tuliozoea kukazia silabi ya pili kutoka mwisho tunapatia nomino bila jasho, halafu kitenzi tunakitamka vilevile.