Boxer 150, watu wawili na kona 57 za kupanda Kitulo

SWALI: Habari za kazi, fundi. Mimi na mke wangu tunaishi Dar es Salaam na tunapanga kwenda Hifadhi ya Kitulo kwa pikipiki ya Boxer 150 ya kabureta, tukipandia Chimala. Barabara ya kawaida inakwenda kilomita 45 kwa lita. Jirani anasema bila kubadilisha jeti, kile kitundu cha kupitishia petroli ndani ya kabureta, haitapanda. Mwingine anashauri nitoe chujio la hewa. Tukiwa na mizigo ya kilo 20 itatuweza? Na twende mwezi gani?

JIBU: Salama, ndugu yangu. Itawapandisha, ila polepole. Umeuliza mengi kuhusu kupanda na hukugusa kushuka, na kwa pikipiki yenye breki za ngoma mbele na nyuma, kushuka ndiko kunakotaka maandalizi zaidi. Nitafika huko.

Kwanza hewa. Chimala iko ukingoni mwa bonde la Usangu, karibu mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na uwanda wa Kitulo uko kwenye mita 2,600. Huko juu hewa ni nyepesi, kama robo tatu tu ya ile ya Dar, kwa hiyo injini ya nguvu za farasi 12 itabaki na 9 hivi. Hakuna jeti itakayozirudisha hizo tatu. Tatizo la pili ni kwamba kabureta ya kawaida haipunguzi petroli kwa kiasi kile kile hewa inavyopungua. Petroli inazidi kwa asilimia 12 hadi 15. Pikipiki inakohoa, inatoa moshi mweusi, na ukifungua plagi unaikuta na masizi makavu.

Kwa safari ya siku chache usibadilishe jeti. Ukiweka ndogo, utakaporudi bondeni injini itakuwa na njaa ya petroli, na kuikaza mafuta saa nzima kwenye barabara kuu ukiwa na watu wawili ni njia ya haraka ya kuunguza pistoni. Inatosha kurekebisha skrubu ya mchanganyiko (wa hewa na petroli) mkifika Matamba, mji mdogo ulio juu ya kona hizo. Kama iko upande wa chujio, inadhibiti hewa: ifungue robo mzunguko. Kama iko upande wa injini, inadhibiti petroli: ifunge robo mzunguko. Piga alama ya rangi kabla ya kuigusa ili uweze kuirudisha. Skrubu hii inasaidia sailensa (injini ikiunguruma bila kukazwa mafuta) na mwendo mdogo tu. Kama bado inakohoa ukikaza mafuta nusu, na sindano ya kabureta yako ina mikato ya klipu, panda klipu mkato mmoja ili sindano ishuke.

Ushauri wa kutoa chujio ukatae kabisa. Barabara ya Chimala hadi Matamba ni ya vumbi, na vumbi likiingia kwenye silinda linakwangua ringi. Injini itaanza kula oili kabla hujafika nyumbani. Safisha chujio lako kabla ya kuondoka, mara nyingi hilo peke yake linaondoa nusu ya malalamiko. Safisha pia kitundu cha kupumulia kwenye kifuniko cha tenki. Kikiziba, injini hunyimwa petroli, na watu wakalaumu mlima.

Kinachosaidia kweli kupanda ni sproketi ya mbele, ile gia ya meno inayovuta cheni. Kama yako ina meno 14, weka ya 13: unaongeza nguvu ya kuvuta kwa karibu asilimia 8, na mwendo wa juu unapungua kwa kiasi hicho hicho. Ukiwa na abiria ni biashara nzuri. Cheni itahitaji kukazwa upya. Iache icheze milimita 25 hadi 35.

Sasa kushuka. Pikipiki, ninyi wawili na mizigo ni karibu kilo 275. Kila mita 1,000 mnazoshuka, nishati inayopaswa kumezwa inatosha kuchemsha lita 8 za maji. Ukiiacha yote kwenye breki, ngoma inapanuka na kukimbia viatu vya breki, mkono wa breki unazama karibu na mshikio, na utasikia harufu ya kuungua. Dakika chache baadaye hamna breki.

Kwa hiyo shukeni kwa gia mnayopandia, ya kwanza au ya pili, mafuta yameachiwa, injini ikizuia mwendo. Nyutro kamwe, hata kwa mita 50. Breki zishikwe kwa vipindi, zote mbili: punguza mwendo kwa nguvu kidogo, achia kabisa ngoma ipumue, rudia. Mkisikia harufu, simameni dakika 20. Msimwagie ngoma maji. Ikiwa na moto inaweza kupasuka. Kabla ya kuondoka Dar angalia mshale wa ulaji kwenye ngoma. Ukikaribia mwisho, badilisha viatu, kisha mvitumie mjini walau wiki moja vikae sawa.

Njia hiyo inaitwa Hamsini na Saba kwa idadi ya kona zake, na ni kona za kujikunja kwelikweli. Chagua gia kabla ya kona na usiguse klachi katikati. Upande wa ndani ndio mkali zaidi, basi ingia kwa upana ndani ya upande wako, na piga honi: malori ya viazi na mbao huchukua kona nzima. Injini ikizimika mkipanda, kanyaga breki ya nyuma. Uzito wote uko nyuma, na tairi la mbele litateleza kwenye kokoto. Shemeji ashuke kwanza, ndipo uwashe.

Upepo wa matairi usiupunguze sana. Tairi la tyubu likilegea linazunguka kwenye rimu na kung'oa mdomo wa tyubu. Chukua tyubu moja ya akiba, pampu, plagi na spana yake, kiungo cha cheni, na waya wa klachi uliofungwa tayari kando ya ule unaotumika. Jaza tenki Chimala na upige hesabu ya kilomita 28 kwa lita, si 45.

Mwezi: Septemba hadi mwanzoni mwa Novemba. Maua hushamiri Desemba hadi Aprili, lakini hiyo ndiyo mvua, na udongo wa pale ukilowa hautaki watu wawili juu ya matairi ya lami. Kama maua ndiyo mnayoyafuata, acheni pikipiki Chimala mpande na gari la kuvuta magurudumu yote. Juni hadi Agosti ni ukungu na baridi kali. Msidhani pikipiki inaruhusiwa kuingia hifadhini. Pitieni kwanza ofisi ya Matamba, na jiandaeni kutembea kwa miguu.

Laleni Iringa usiku mmoja kabla. Kichwa kuuma kidogo kwenye mita 2,600 ni kawaida. Kukiambatana na kutapika au kuyumba, shukeni siku hiyo hiyo.

Kabla ya hayo yote mtapita mlima Kitonga, wenye lami na malori. Wakati wa kurudi mtauteremka, na hapo breki lazima ziwe sawa. Basi mkishashuka hadi Chimala, rudisha skrubu kwenye alama yake, kisha subiri ngoma zipoe kabisa ndipo ukaze breki. Ukikaza zikiwa na moto, zikipoa zitabana viatu na gurudumu litaburuta njia nzima.