Joka akiwa ndiye mhusika mkuu
Umeuliza kama riwaya ambayo joka ndiye mhusika mkuu inafaa kusikilizwa na mtu mzima, au ni ya watoto tu. Sikiliza bila wasiwasi, ila anza na Tooth and Claw ya Jo Walton (2003). Humo majoka wanavaa kofia, wanakwenda kanisani, na baba akifa watoto wanagawana nyama yake. Ndugu wanafikishana mahakamani kisa shemeji kala kupita fungu lake! Nilicheka peke yangu kwenye daladala. Mfululizo wa Temeraire wa Naomi Novik nao mtamu, na Simon Vance, msomaji wa toleo la sauti, anasoma kwa utulivu, lakini vitabu vya mwanzo unamfuata zaidi nahodha Laurence, binadamu anayempanda joka Temeraire. Mimi nilikuwa namtaka joka mwenyewe.