Ukungu wa Bishkek: marubani walipoteaje?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mi naendesha lori Makambako–Njombe, ukungu naujua, ukifika mahali unaona boneti tu unapaki pembeni unasubiri. Sa ile ndege ya mizigo iliyoanguka Bishkek, Kirigizistani, mwaka 2017, imejaa mitambo yote ile, walipoteaje? (Dereva, Njombe)

JIBU: Pole na barabara kaka. Ile ilikuwa Boeing 747 inatoka Hong Kong kwenda Istanbul, inapitia Manas, uwanja wa ndege wa Bishkek, alfajiri ya tarehe 16 Januari, giza na ukungu juu yake.

Wengi wanajua kupotea kwa mwili kudanganyika, na ipo kweli, ndege ikiongeza mwendo ghafla na nje huoni kitu, masikio yanakwambia pua inanyanyuka kumbe wala, ndo maana rubani anafundishwa aamini mita zake kuliko mwili. Ila Bishkek walipotea kwa namna nyingine, hawakujua wako wapi kwenye mteremko wa kutua.

Iko hivi, uwanja unarusha mawimbi ya redio yanayoishusha ndege kwa mteremko wa digrii 3 hivi, lakini juu yake kunatokea mteremko mwingine wa uongo, kama digrii 9, na ndege ikija juu mno inaweza kuunasa huo. Wao walikuja juu mno wakaunasa, kisha nao ukapotea, otopailoti, ule mtambo unaoiendesha ndege wenyewe, ikatoa tahadhari na ikaendelea kushuka kwa kukadiria tu, na wao wakaiacha iendelee. Hapo ndo panaponiuma, maana hesabu yenyewe rubani anaipiga kichwani, ukiwa maili 3 za baharini kutoka uwanjani uwe kama futi 1,000 juu, ukijikuta juu zaidi ya hapo sana unaghairi, unapaa, unaanza upya au unaenda uwanja mwingine, yaani ni kule kupaki pembeni kwako wewe.

Walikuja kughairi zimebaki futi pungufu ya 100 na njia ya kurukia walishaipita yote. Karibu kilomita moja mbele ndo kuna kijiji cha Dacha-Suu. Walikufa watu 39, wanne tu ndo walikuwa ndani ya ndege, hao 35 wengine walikuwa majumbani kwao, wengi bado wamelala, na watoto wengi sana.