Muulize Nyanya: Jua la Kaskazi na Kisima cha Chumvi

Kwanza niwaambie wageni wa ukurasa huu: jina la "Nyanya" nilipewa na wahariri walioko Nairobi. Kwetu Lamu tunda lile ni tungule, na mama wa mama yako ni bibi. Mtu wa hapa akisoma kichwa hiki hajui anaambiwa amuulize nani. Nimeshazoea.

Barua za mwezi huu zinalia kilio kimoja, wala sikushangaa. Vuli ilitunyima, upepo wa kaskazi unavuma tangu Disemba, na mvua za masika hata zikija kwa wakati ni Aprili. Nimechagua tano, moja nikaijibu kwa urefu kwa sababu kosa lake nimelikuta katika nyua nyingi za mji huu.

*Assalamu alaykum Bibi. Nyuma ya nyumba yetu nina mndimu wa miaka sita. Kila magharibi naumwagilia kata tatu nne za maji ya kisima, sijakosa hata siku moja. Sasa majani yanaungua pembeni kama karatasi iliyopitishwa kwenye mshumaa, kisha yanaanguka. Jirani asema ni jicho la hasidi. — Mama wa wawili, Langoni*

Wa alaykum salaam, mwanangu. Hasidi mwache apumzike. Mndimu wako unakula chumvi, na anayeulisha ni wewe, kwa mapenzi.

Onja maji ya kisima chako. Kama ulimi umeshayazoea, mimina kikombe kimoja kwenye sahani nyeusi uianike juani mpaka ikauke. Ule unga mweupe utakaobaki ndio unaoumwaga shinani kila magharibi. Tena wewe mwenyewe unajua, ukifua kwa maji hayo sabuni haitoi povu.

Kata tatu haziendi mbali. Zinalowesha vidole viwili vya mchanga wa juu, jua la kesho linayanyonya maji, chumvi inabaki palepale. Kesho yake unaongeza nyingine. Baada ya miezi miwili mizizi imelala kwenye kitanda cha chumvi, na mti unaanza kufa kwenye ncha za majani, ambako ndiko chumvi inakokusanyika. Mndimu, mlimau na mchungwa hazina uvumilivu kabisa kwa jambo hili. Mnazi, mtende na mkomamanga zinastahimili.

Basi weka kata chini. Tafuta maji matamu, madumu manne ya lita 20, ya bomba au ya mvua iliyohifadhiwa, uyamwage yote kwa kikao kimoja, polepole. Usimwage shinani. Tazama matawi yanapoishia, uchore duara chini yake. Mizizi inayokunywa iko huko, wala haiko kwenye gogo. Maji mengi kwa mara moja yanaisukuma chumvi chini, mbali na mizizi. Baada ya hapo madumu mawili kila siku saba hadi kumi yatatosha, na juu ya ardhi tandaza majani makavu au makuti yaliyooza, unene wa shibiri, uache nafasi ya kiganja kulizunguka gogo. Majani yaliyokwisha kuungua hayatarudi kuwa mabichi. Tazama yanayochipuka mapya.

Na kama huna ila kisima? Basi angalau uchote kwa ndoo, alfajiri, kisima kikiwa kimepumzika usiku kucha. Maji matamu ni mepesi, yanaelea juu ya ya chumvi. Pampu inayovuta kwa pupa huyapandisha ya chini. Kisima changu hapa Mkomani kina ladha moja siku za maji mafu, bahari ikijaa kidogo tu, na nyingine siku za bamvua, bahari ikijaa sana, na siku za bamvua sichoti kitu cha bustani ila cha mkomamanga. Watu wa mji huu tumeishi miaka mingi kwa maji yaliyo chini ya vilima vya mchanga vya Shela, ambako mvua huzama mchangani ikahifadhika. Wazee wanapokasirika kuona vilima vile vinachezewa, wanasikia kiu ya wajukuu wao.

*Bibi, nimefunga, sina nguvu. Nimwagilie saa ngapi, na nitabebaje maji na mimi nina njaa? — Umu, Gardeni*

Baada ya daku, mwanangu. Umekula, umekunywa, ardhi imepoa, upepo umelala. Maji yanapata muda wa kuzama kabla jua halijawa kali. Ukimwagilia alasiri unayapasha moto maji kwenye mchanga uliokwisha kupata moto, na majani yakilala na maji usiku, ukungu nao unapata futari yake.

Kuhusu kubeba, tumia maji yaliyokwisha kubebwa. Weka beseni mahali pa kutawadhia. Nyumbani kwetu tu watu sita, sala tano, nami napata zaidi ya dumu moja kila siku, halina sabuni wala mafuta. Ya kuoshea mchele na mboga yafuate hukohuko. Ya vyombo yenye sabuni kidogo mpe mgomba au mpapai, usiyapeleke kwenye mboga za majani. Ya kung'arishia nguo nyeupe usimpe yeyote.

Halafu tafuta mtungi wa udongo, usiopakwa rangi wala kung'arishwa. Ufukie katikati ya tuta mpaka shingoni, ujaze maji matamu, ufunike kwa kibia ili mbu wasizalie ndani. Udongo wa mtungi hutoa jasho, na mizizi hulifuata jasho hilo. Panda miche kwa duara, shibiri moja kutoka mtungini. Wangu wa lita kumi hulisha mipilipili sita siku tatu bila mimi kuinama. Maji ya chumvi usiyatie humo, yataziba vitundu na mtungi utaacha kutoa jasho.

*Shikamoo Bibi. Mimi ni kijana wa Maweni, Malindi. Nimepata kiwanja nyuma ya nyumba, kama mita 20 kwa 15. Nataka kupanda tungule, mchicha, bamia na mahindi niuze. Maji nanunua kwa mkokoteni. Nianze sasa ama ningoje masika?*

Marahaba. Nimefurahi umesema tungule.

Kaa chini tufanye hesabu, maana wengi wanaianza bustani kwa jembe badala ya kalamu. Mboga iliyofunika ardhi kwenye jua hili na upepo huu hunywa kama lita tano kwa kila mita mraba kwa siku. Kiwanja chako ni mita mraba 300. Hizo ni lita 1,500. Ni madumu 75 kila siku ya Mungu. Mwenye mkokoteni atakupenda, atakuletea mpaka pole, lakini mchicha hautamlipa.

Kwa hivyo sasa panda tuta moja tu, upana mita moja, urefu mita tatu. Hilo linakunywa lita 15, dumu halijaisha. Mwaga mbegu za mchicha, tandaza majani makavu membamba ziote chini yake, na upande wa magharibi simamisha makuti au magunia, kwa kuwa jua la alasiri ndilo linaloua. La asubuhi liache lipite. Baada ya wiki tatu nne unachuma. Utakula na jirani ataomba, na wewe utakuwa umejua kiwanja chako kinahifadhi maji vipi kabla hujakitia fedha.

Mita zilizobaki zitayarishe. Zungumza na mwenye ng'ombe au mbuzi akupe samadi, uirundike kivulini, uiloweshe mara moja, uifunike na uiache ipoe. Samadi mbichi kwenye kaskazi ni makaa. Sisi huku Lamu tuna punda kila kona na bado watu wanayatia mavi yao mabichi kwenye mashimo, kisha wanauliza miche imeungua na nini. Chimba mitaro, uipange makumbi ya nazi ndani, upande wa ndani ukiangalia juu kama vikombe, tabaka mbili tatu, kisha urudishie mchanga. Mvua ya kwanza itajaza vikombe hivyo, na mvua ikikatika Juni mimea yako itakuwa bado inakunywa.

Mahindi na bamia zitie mvua za masika zikishika. Tungule usiziharakishe, mvua kubwa ya Mei huleta ukungu ukazimaliza. Sia mbegu mwisho wa Mei, uzihamishe upepo wa kusi ukiwa umetulia na hewa imepoa. Wanaopanda Machi watakucheka. Wewe uza Septemba.

Tahadhari moja ya makumbi, na hii nimeilipia. Mwaka 2021, ule ambao serikali ilitangaza ukame kuwa janga la taifa mwezi wa Septemba, nilikuwa natafuta kitu cha kutandaza kwenye mibiringanya. Wanawake wanaosokota kamba wakanipa makapi yao bure, gunia tatu. Nikaona nimepata. Kabla wiki mbili hazijaisha mibiringanya ilikuwa imejikunja kama mkono wenye baridi yabisi. Makumbi ya kamba huzikwa kwenye matope ya pwani miezi kadhaa yalainike, na muda wote huo bahari inapanda na kushuka juu yake. Nilikuwa nimeitandazia bustani yangu chumvi kwa mikono yangu miwili, nikamshukuru aliyenipa. Chukua makumbi makavu ya shambani tu. Mwani wa ufukweni vilevile uache, mpaka mvua ya msimu mzima iuoshe.

*Nyanya, harusi yangu ni baada ya Idi na nataka asumini zangu mwenyewe za kikuba, kile kishada cha maua na majani ya kunukia. Ziko darini kwenye madebe ya mafuta. Majani yamekuwa manjano na matumba yanadondoka kabla ya kufunguka. — Binti wa Shela*

Hongera, na Mungu akufungulie heri.

Liguse debe hilo saa saba mchana kama unaweza. Bati limegeuka sufuria na mizizi inachemka. Yashushe kutoka darini, au kama hayashukiki yasogeze pamoja yafunikane kivuli, uyatie ndani ya mapakacha, na nje ya bati upake chokaa nyeupe. Nje, nimesema. Chokaa isiingie kwenye udongo hata chembe: mchanga wetu ni wa matumbawe, una chokaa tele tayari, nayo hiyo ndiyo inayoufungia mmea madini ya chuma. Tazama jani: kama ni manjano lakini mishipa bado ni ya kijani, hilo ndilo tatizo, na dawa yake ni mboji iliyooza vizuri, vitanga viwili juu ya kila debe. Kama ni manjano zima na la chini ndilo linaloanza, ni njaa tu.

Mwagilia alfajiri mpaka maji yatoke kwenye matundu ya chini. Hakuna matundu? Toboa leo. Kisha kata ncha za matawi, kidole kimoja, leo pia, maana asumini huchanua kwenye vichipukizi vipya. Mrihani nao upunguze maua usigeuke kuni kabla ya siku yako. Mkilua mwombe mwenye mti. Huo hauoti kwa haraka ya harusi.

*Bibi, maji ya mvua tuliyohifadhi kwenye birika yamejaa viluwiluwi vya mbu. Nitie mafuta ya taa? — Msomaji, Siyu*

Usitie. Maji hayo yataguswa na mmea, na siku ya shida yataguswa na mdomo. Fanya kama wenye nyumba za mawe: tia samaki wadogo wa maji matamu, watakula kila kinachocheza humo. Wazee walipachika bakuli la kauri chini ya birika, maji yakipungua samaki hukimbilia kwenye bakuli wakangoja kujazwa. La nyumbani kwetu bado lipo, limepasuka ukingo. Nina samaki watatu. Walikuwa wanne mpaka juzi, paka wa mtaa alipogundua kwamba kaskazi imeshusha maji na mkono wake sasa unafika.