Kuhamia jiji linalokua kwa kasi: nenda, ila kitanda kisubiri

Mkuu, swali lako mimi nililijibu kwa pupa na nikalilipia miaka miwili. Umesema umepata kazi kwenye jiji linalopanuka kila siku, mshahara unazidi wa sasa kwa theluthi moja, una mke na mtoto anayekaribia kuanza shule, na kila mtu anakwambia "nenda, pesa iko huko". Nenda. Ila nenda peke yako kwanza, miezi mitatu, na begi moja.

Mimi nilihama na kila kitu, hadi vyungu vya maua vya mama watoto. Nyumba ilikuwa ghorofa ya tatu, nami nilikuwa nimeiona mara moja tu, Jumamosi saa nne asubuhi, dalali mbele yangu akifungua milango. Mtaa kimya, barabara nyeupe. Jumatatu ya kwanza nikatoka saa kumi na mbili, nikaingia kazini saa mbili kasorobo. Kilomita 14!

Maji yalikuwa yanapanda usiku wa manane tu. Mke wangu alizoea kuamka kwa mlio: bomba linakohoa kwanza, hewa inatoka, halafu tone, halafu maji ya kahawia ambayo unayaacha yapite. Ndoo nne, mitungi miwili, ndipo turudi kulala.

Nilikuwa nalaumu uzembe wa watu hadi fundi bomba aliponieleza kwamba bomba la mtaa ule lilitandazwa enzi za nyumba chache za chini, sasa linalisha maghorofa. Hesabu yake nyepesi. Jiji likikua kwa asilimia 5 kwa mwaka, watu wanakuwa maradufu ndani ya miaka kama 14. Likikua kwa asilimia 7, ni miaka 10 tu. Mtu anahamia kwa siku moja, bomba kuu linachukua miaka ya bajeti na kuchimbua. Shule nazo ni hivyo hivyo, kwa hiyo ya mtoto itafute kabla ya nyumba.

Halafu uliza jiji linakua kwa sababu gani. Watu watakutolea mfano wa Shenzhen ya China, iliyofanywa eneo maalumu la kiuchumi mwaka 1980 na sensa ya 2020 ikakuta watu zaidi ya milioni 17. Sawa. Lakini Detroit ya Marekani nayo iliwahi kuwa jiji la kukimbiliwa, kwa ajili ya viwanda vya magari; mwaka 1950 ilikuwa na watu zaidi ya milioni 1.8, na mwaka 2020 walibaki kama 640,000. Kama kazi yako inategemea ujenzi wenyewe, jiulize utafanya nini majengo yakikamilika.

Hiyo theluthi usiishangilie bado. Mwaka wa kwanza niliiona. Mkataba ulipoisha mwenye nyumba akapandisha kodi, bila ubaya wowote, maana nyuma yangu walikuwa wanapanga foleni. Ukijumlisha na nauli, nyongeza yangu ikabaki ya kuhesabia vidole. Na kiwanja usinunue mwaka wa kwanza, hata wakikwambia bei inapaa kesho.

Sasa mbona bado niko huku? Kwa sababu kule nilikotoka ukigombana na bosi unahama mji; huku unahama jengo. Nimebadilisha kazi mara mbili bila kugusa kabati. Hilo kwangu lina uzito kuliko mshahara wa kuanzia, na ndilo ningekushauri ulipime: kuna waajiri wangapi wa kazi yako, au ni huyo mmoja?

Katika miezi yako mitatu, panga chumba karibu na kazi. Mitaa unayoifikiria ipitie Jumatatu alfajiri, na tena mvua kubwa ikikatika. Dalali mwache, mtafute mpangaji anayehama umuulize anakimbia nini. Na mkeo aione nyumba kabla hujasaini. Wangu aliiona siku ya lori. Tulikuwa tunapandisha kabati ngazini akaniuliza, "Baba, siku ile ulifungua bomba la jikoni au lile la chini pale getini?"

Nilikuwa nimefungua la getini.