Pikipiki kuukuu ikivuja oili, anza na poda kabla ya spana

Aliyeliona doa wa kwanza ni mama mwenye nyumba. Alikuwa akifagia uwanja asubuhi, akaniita kwa ile sauti yake ya kudai kodi: "Mwanangu, pikipiki yako inanichafulia sakafu." Kweli, chini ya injini kulikuwa na doa jeusi kama kisahani cha chai. Nikaomba radhi, nikamwaga mchanga, nikaenda zangu kazini.

Pikipiki yenyewe ni Honda CG125 ya zamani, iliyonifikia ikiwa imeshapita mikono kadhaa. Nikaipeleka kijiweni hapa Tabata na kumwambia fundi, "Inavuja kwa chini." Hilo ndilo kosa langu. Ukimwambia fundi chini, atashika cha chini. Akakaza bolti ya kumwagia oili. Ikaendelea kuvuja. Akakaza tena, mpaka bolti ikawa inazunguka bure: uzi umekufa. Bolti ni chuma, injini ni aluminiamu, na wakishindana anayeumia ni aluminiamu. Kukata uzi mpya kulinila hela nyingi kuliko ugonjwa wenyewe, na tone likabaki palepale.

Oili ikitoka hutelemka, na ukiwa barabarani upepo unaisukuma nyuma. Unapoona tone ni pale safari yake ilipoishia.

Kwa hiyo Jumapili moja niliiosha mwenyewe. Injini ikiwa imepoa kabisa, nilisugua kwa mswaki mkuukuu na mafuta ya taa, nikafuata na maji ya sabuni ya unga, nikakausha kwa kitambaa. (Wengi wanatumia petroli. Mimi na petroli karibu na injini hatupatani.) Kisha nikapaka poda ya mtoto kwenye maungio yote: kava ya valvu, kava ya klachi, shafti ya kiki, shafti ya gia, na nyuma ya sproketi ndogo (gurudumu la meno linalovuta mnyororo). Nikaendesha mpaka Buguruni na kurudi, nikachuchumaa na tochi ya simu. Poda nyeupe tupu, isipokuwa chini ya shafti ya pedeli ya gia, mchirizi mmoja mweusi, kama mtoto aliyepakwa poda kisha akalia.

Angalia usidanganywe na mnyororo, maana uko jirani. Mafuta yake hurushwa na sproketi, ni mazito na yamekamatana na mchanga. Oili ya injini ni nyepesi na inaacha njia.

Na kabla hujanunua kitu, pima oili. Ikizidi, inatafuta pa kutokea. Angalia pia mpira wa kupumulia wa injini. Ukizibwa na tope la masika, presha inapanda na hata sili mpya (kampira kanakozuia oili kwenye shafti) itavujisha oili. Wangu ulikuwa mzima.

Basi ilikuwa oili sili, kampira kadogo kalikokauka. Weka alama kwenye pedeli na shafti kabla ya kuitoa, ujue itarudi vipi. Laza pikipiki kidogo upande wa pili oili isimwagike, toa sili kwa bisibisi nyembamba, taratibu, usikwaruze shafti. Mkwaruzo huo utavuja maisha. Nenda na sili ya zamani dukani. Ina namba tatu: kipenyo cha ndani, cha nje na unene, kwa milimita. Yangu niliipata eneo la Gerezani, Dar. Paka oili kwenye mdomo wa sili, upande wenye springi utazame ndani ya injini, kisha isukume kwa soketi yenye upana wake mpaka ikae sawa.

Ingekuwa gasketi (ile karatasi ya kuziba kati ya kava na injini), ningebadilisha gasketi na kukaza bolti kwa kupishana, kidogo kidogo. Silikoni ya kupaka kama siagi sitaki: inayozidi hubanwa ndani na inaweza kuziba njia ya oili.

Tone moja kwa usiku unaweza kuvumilia huku ukipima kila asubuhi. Likifika tairi la nyuma, shuka, kokota.

Usiku sasa natandika boksi chini ya injini. Wiki ya tatu hii, boksi kavu. Doa la sakafuni ndilo limegoma kutoka, na mama mwenye nyumba ananikumbusha kila nikipeleka kodi.