Moshi wa sigara wa jirani waingia chumba cha mtoto: naweza kumsomea halbadiri?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tudor, Mombasa, kwenye fleti, ghorofa ya tatu. Jirani wetu wa chini ni mzee mmoja, zamani alikuwa baharia, na sigara ni moja baada ya nyingine. Akitoka isha ndo aanza mpaka usiku wa manane, alafu alfajiri tena, saa ile naamka kuswali nakuta chumba cha watoto chanuka moshi. Mdogo ana pumu, mwezi huu peke yake nshampeleka hospitali mara mbili. Mume wangu yuko Qatar kikazi. Nilimtuma mwanangu mkubwa, ana miaka kumi na moja, akamwambie, akajibiwa ati kila mtu yuko kwake. Nikifunga madirisha twafa joto, nikichoma udi haisaidii. Mamangu asema tumsomee halbadiri tumalize. Je yafaa? Na nikienda kumshtaki kwa mwenye nyumba itakuwa nimemsengenya, manake ni mtu mzima na ni mtu wa swala tano? Na nikiwa nimefunga, ule moshi wanivunjia saumu?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Dada yangu, Mwenyezi Mungu ampe mtoto shifaa, na akupe wewe subira, manake kulea peke yako na mume yuko mbali na usiku wakesha na mtoto anayekoroma kifua si kazi ndogo.

Nianze na halbadiri kwa sababu najua mama pengine ashahesabu watu wa kusoma na mbuzi ashatafutwa. Mwambieni asubiri. Halbadiri ni kisomo cha kuwataja watu wa Badri ili aliyekudhulumu apatwe na balaa, na watu wa Badri ni maswahaba waliosimama na Mtume (s.a.w.) kwenye vita vya Badri mwaka wa 2 Hijria, mia tatu na kumi na kitu, watu watukufu, sasa sisi huku pwani tumewageuza rungu la kumpigia jirani, kuku akipotea halbadiri, simu ikiibwa halbadiri. Dua ya aliyedhulumiwa ni kweli haina pazia baina yake na Mwenyezi Mungu, hiyo ni hadithi sahihi, na wewe wadhulumika. Lakini mtu hajaambiwa vizuri hata mara moja na mtu mzima mwenziwe, kaletewa mtoto wa miaka kumi na moja mlangoni, alafu mwamwombea balaa? Mwombee Mwenyezi Mungu amtoe kwenye hiyo sigara. Dua hiyo ikijibiwa utapumua wewe na yeye, ile nyingine ikijibiwa mtakuwa na matanga ghorofa ya pili na mtoto wako bado ana pumu.

Sasa tuje kwenye haki yako, nayo ipo, usifanywe uone haya. Mtume (s.a.w.) amesema hakuna kudhuru wala kudhuriana, na hii ni kaida ambayo mafakihi wamejengea milango mizima ya fiqhi. Akasema tena Jibrili hakuacha kuniusia jirani mpaka nikadhani atamrithisha. Na akaapa mara tatu, wallahi haamini, wallahi haamini, wallahi haamini, akaulizwa nani ewe Mtume wa Allah, akasema yule ambaye jirani yake hasalimiki na shari zake. Angalia hakusema yule anayempiga jirani au anayemtukana, kasema hasalimiki na shari zake, na moshi unaopanda usiku kumkaba mtoto wa watu kifua ikiwa si shari basi sijui tuuite nini. Na aliyekula kitunguu saumu au kitunguu maji kaambiwa ajitenge na msikiti, kisa ni harufu tu, kitunguu chenyewe ni halali na hakimuui mtu.

Sigara sasa, hukumu yake yajulikana lakini nieleze kidogo kwa sababu mzee anaweza kukwambia masheikh wa zamani walivuta. Ni kweli kulikuwa na khilafu. Tumbaku iliingia nchi za Kiislamu kama mwaka wa 1000 Hijria hivi, maulamaa wakagawanyika, hata kwenye madhehebu yetu ya Shafii kuna aliyesema haramu na kuna aliyesema makruhu, manake wakati ule hakuna aliyejua inafanya nini ndani ya mapafu. Leo yajulikana. Shirika la Afya Duniani lasema moshi wa sigara una kemikali zaidi ya elfu saba, na kama sabini katika hizo zaleta saratani, na watu zaidi ya milioni moja hufa kila mwaka kwa moshi wa wenzao, wao wenyewe hawavuti. Hakuna kiasi cha moshi huo ambacho ni salama. Ndo maana maulamaa wengi wa zama hizi wamesema haramu, na mimi niko nao. Lakini hata ukichukua kauli ya makruhu, hiyo ni yake yeye na mapafu yake, kwenye mapafu ya mwanao hakuna khilafu.

Lile jibu lake ati kila mtu yuko kwake, ntakwambia ukweli ambao wengine hawatakwambia, lina asili kwenye vitabu vyetu. Imamu Nawawi kwenye Minhaj, kitabu chake cha fiqhi ya Kishafii, amesema kila mtu atumia milki yake kwa ada ya watu, mpaka akaruhusu mtu kufanya nyumba yake hamamu ya kuogea hata kama imezungukwa na nyumba za watu. Sasa mzee akiishia hapo atafurahi. Lakini sentensi yaendelea, akasema ikiwa amechukua tahadhari na akaimarisha kuta. Tahadhari! Yani hata yule Imamu aliyempa mwenye mali uwanja mpana kabisa kamfunga kwa sharti kwamba madhara yasivuke. Na wenzetu wa madhehebu ya Malik ndo hawakuzunguka kabisa, kwenye kitabu chao cha fiqhi, Mukhtasar ya Khalil, imeandikwa wazi kwamba hukatazwa moshi kama wa hamamu na harufu kama ya kiwanda cha ngozi. Alafu jambo jengine, yeye si mwenye milki, ni mpangaji kama wewe, alichonacho ni manfaa, yani haki ya kuitumia ile fleti kwa kodi ya mwezi, kwa hivyo hilo neno lake "kwake" ni nusu tu.

Naona niwape kisa, manake hapa ndo watu hukosea. Miaka michache nyuma niliitwa Majengo kusuluhisha majirani wawili kwa jambo hili hili, wa juu ashaacha kumwamkia wa chini, watoto wamekatazwa kucheza pamoja. Nikaingia kwa yule mvutaji nikijua ntakuta mtu jeuri. Kumbe mkewe hataki sigara sebuleni wala chumbani, kwa hivyo maskini huchukua kigoda akakaa bafuni, mlango kaufunga, akavutia kwenye kile kidirisha kidogo cha juu, na yeye akijiona ndo amestiri watu wote. Kile kidirisha chafungukia lile shimo la hewa katikati ya jengo, mapaipu ya maji yanapopita. Nikamwambia washa sigara, nkatoa kijikaratasi cha shashi nkakishika pale dirishani, kikavutwa juu kama kimeshikwa na mkono. Shimo lile lafanya kazi kama bomba la jiko, hewa moto yapanda nao moshi wapanda nayo, na wa juu dirisha lake la chumba cha watoto liko pale pale. Yule bwana akanyamaza akakizima kile kisigara kwenye sinki. Akasema sheikh mimi miaka yote nikidhani waenda mbinguni. Tukakubaliana apande darini panapoanikwa nguo, na ugomvi wa miezi ukaisha kwa ngazi mbili za kupanda.

Kwa hivyo kabla ya lolote jua moshi wapita wapi. Angalia ni saa gani na dirisha lipi, na upepo vilevile, manake kusi likivuma waweza kuja upande wa roshani na kaskazi likishika ukahamia jikoni, ukaenda kumlaumu mtu kwa dirisha ambalo si lake. Matundu ya mapaipu chini ya sinki na kwenye bafu yaangalieni, mafundi wetu huyaacha wazi na kule ndiko wapitia sana, fundi ayazibe kwa simenti, ni kazi ya saa moja. Mtoto mhamishie chumba cha upande wa pili kwa sasa hata kama mtabanana.

Alafu azungumzwe, lakini si kwa mtoto. Kumtuma mtoto kumkanya mtu mzima hapa kwetu ni kumvunjia heshima, na mtu akivunjiwa heshima hujibu heshima yake tu, lile la moshi halisikii. Na wewe usiende peke yako kugonga mlango usiku na mumeo hayupo. Mtafute kaka yako, au shemeji yako, au imamu wa msikiti anaoswali huyo mzee, na hili la imamu ndo zuri zaidi kwa mtu wa swala tano. Mumeo naye apige simu kutoka huko, amwamkie, shikamoo baba, amwambie nimekuachia familia yangu, wewe ndo mzee wao hapo, na mtoto wangu mgonjwa. Jaribu uone. Mtu aliyekaa baharini miaka ajua maana ya kuacha watoto nyuma. Na siku hiyo ukipika peleka sahani, Mtume (s.a.w.) alimwambia Abu Dharri akipika mchuzi aongeze maji awaangalie majirani zake. Usiseme acha sigara, hilo ni baina yake na Mola wake na hawezi kuliacha kwa siku moja, mtu aliyevuta miaka arubaini mwili wake wadai. Sema mtoto wetu ana pumu, hii hapa dawa yake ya kuvuta, hii hapa kadi ya hospitali, twakuomba uvutie darini au nje barazani. Ombi dogo lenye mahali pake hukubaliwa. Ombi kubwa hujibiwa kila mtu yuko kwake.

Akikataa baada ya hapo, nenda kwa mwenye nyumba na moyo safi, si kusengenya. Maulamaa wametaja mahali sita ambapo kumtaja mtu kwa asilolipenda kunaruhusiwa, na Nawawi mwenyewe la kwanza alilolitaja ni aliyedhulumiwa kushtaki kwa mwenye uwezo wa kumwondolea dhuluma. Lakini yataje yale yanayohusu moshi tu, usiongeze ati pia hana adabu na mwanawe ni vile na vile, ukifika hapo ushavuka mpaka. Mwenye nyumba aweza kutia sharti kwenye mkataba, na Waislamu wako kwenye masharti yao. Keateka, yule mwangalizi wa jengo, aweza kutia alama kwenye ngazi na koridoni, kule ni kwa wote, na nchi hii tangu sheria ya tumbaku ya 2007 kuvuta mahali pa umma kumekatazwa isipokuwa palipotengwa. Watu huniuliza mbona tusiende kwa Kadhi. Kadhi wa Kenya kwa katiba mamlaka yake ni hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, moshi haumo humo, mtamchosha bure. Mzee wa nyumba kumi na chifu ndo njia yenu.

Kuna hadithi kwenye kitabu cha hadithi cha Abu Daudi, mtu alikuja kumshtakia Mtume (s.a.w.) jirani yake, akaambiwa nenda ukasubiri, akarudi mara mbili au tatu, mwisho akaambiwa toa vyombo vyako uviweke njiani. Akavitoa. Kila apitaye amwuliza kuna nini, akieleza watu wamlaani yule jirani, mpaka jirani mwenyewe akaja mbio, rudi, hutaona tena kwangu jambo usilolipenda. Naitaja kwa sababu kuna wanaoichukua wakaandika jina la mtu kwenye grupu la WhatsApp la mtaa na picha yake roshani na sigara mkononi. Yule aliambiwa asubiri kwanza, akarudi na kurudi, alafu akatoa vyombo vyake yeye, hakutoa vya jirani.

Udi nao, niseme ijapokuwa mtanichukia. Udi hauondoi moshi wa sigara, waufunika tu pua isinuse, na ni moshi juu ya moshi. Mtoto wa pumu kumfukizia chetezo chumbani usiku ni kumwongezea. Na wako nao wapanda kwa jirani wa juu, ushamwuliza kama wamdhuru? Tena bwana huyo wa sigara kesho aweza kukujibu kwa hilo hilo. Acha udi mpaka mtoto apone, fungua dirisha la upande usio na moshi na feni uielekeze itoe hewa nje.

La saumu ni jepesi. Moshi uliokuingia bila kutaka kwako hauvunji saumu, kama vumbi la njiani na unga wa kinu, funga yako ni sahihi na hulipi kitu. Inayovunja ni ya yule anayevuta mwenyewe kwa kusudi, na huyo mzee hakika Ramadhani mchana haivuti. Hilo mwambieni imamu alitaje pole pole akienda, mtu anayeweza kukaa tangu alfajiri mpaka magharibi bila sigara aweza kupanda ngazi mpaka darini.

Wallahu aalam.